Bwana Harusi Asiyeoga

Mimi nina kibanda cha chakula pembeni ya mashimo ya dhahabu, na pua yangu ni nzima. Ndiyo maana nasema wazi: mkwe wangu mtarajiwa alikuwa ananuka. Ananuka si mchezo! Akija kula, wateja wanahama na sahani zao.

Si mchafu wa kuzaliwa, maskini. Wachimbaji wana mwiko wao: shimo likianza kutoa dhahabu, hakuna kuoga mpaka mali iishe, eti maji yanaosha bahati. Na shimo lao likaanza kutoa wiki ya harusi. Loo! Mwaka mzima kokoto tupu, halafu mali inajitokeza gauni limeshashonwa na masufuria nimeshaazima.

Nikamfuata kwa adabu. "Mwanangu, Jumamosi unaoa. Nawa hata uso."

"Mama, nakuheshimu sana," akajibu, macho chini. "Lakini wenzangu wataniua."

Wenzake kweli walimlinda. Mvua ikinyesha, wanamfunika turubai. Siku nilipobeba ndoo, msimamizi wa shimo alinizuia njiani utadhani nimebeba bomu. Nilimpasha mpaka sauti ikanikauka.

Jumamosi asubuhi bwana harusi akatokea, suti juu ya tope. Binti yangu akamtazama, akavua viatu vyake vya harusi, akanipa nishike. Akakusanya gauni mkononi, akashika njia ya mashimoni, sisi nyuma yake mbio.

Alipofika akaketi kwenye mdomo wa shimo lao, akaning'iniza mguu mmoja ndani.

Weee! Maana mwiko mwingine ndio huo: mwanamke akiingia shimoni, dhahabu inakimbia. Wanaume wazima wakashika vichwa. Msimamizi akapiga magoti. "Shemeji yetu, tafadhali!"

"Aoge," mwanangu akasema, "au nateremka."

Sijawahi kuona maji yakiletwa haraka vile. Ndoo, madumu, mpaka ya kunywa. Wakamkamata bwana harusi, wakaanza kumvua koti.

"Mwacheni!" akafoka mwanangu. "Ataoga mwenyewe akitaka."

Kijana akalirudisha koti mabegani. "Na bahati ikiondoka?"

"Utabaki na mimi." Kisha sauti ikampungua. "Sitoshi?"

Hakuna aliyecheka. Mwanangu huyo, bingwa wa ubishi, midomo ilikuwa inamcheza. Niliogopa jamani, kwa sababu yule kijana alikuwa analitazama shimo, hamtazami yeye. Alilitazama muda mrefu mno.

Halafu akavua koti, akamkabidhi msimamizi. Akainua ndoo, akajimwagia yote kichwani, akabaki amesimama anatweta, tope likimchuruzika usoni.

"Nani ana sabuni?" akauliza.

Mimi na ukali wangu wote nikaangua kilio, nikatoka mbio kwenda kuitafuta.