Kilio cha Lumumba kwa Pétronille

Wazee wa Uvira wakikaa pamoja hawachelewi kuulizana: wewe ulikuwa wapi siku redio iliposema Lumumba ameuawa? Kila mmoja ana lake, na kila mwaka chumvi inaongezeka. Kuna anayesema alikuwa ziwani na mtumbwi wake ukagoma kusonga. Kuna anayesema aliiota habari siku tatu kabla, ingawa mke wake, akiwa karibu, hucheka mpaka anajifuta machozi. Ikifika zamu ya Placide, fundi cherehani wa mtaa wa Kasenga, yeye anajibu maneno mawili tu: "Nilikuwa nashona." Wanamwona mtu baridi, na hawajakosea sana. Siku ile hakutoa hata chozi. Lakini alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilimfikia siku moja kabla ya redio.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, mwaka 1961, watu wanatoka misa. Félicien, dereva wa lori, alimshika mkono mlangoni pa kanisa akamvuta hadi nyuma ya ukuta.

"Placide, kaka yako iko mugonjwa."

Placide akamsogelea.

"Iko mugonjwa sana," Félicien akasema tena. Mara ya tatu hakusema kitu, akatazama viatu vyake, na hapo Placide akajua kwamba Thaddée amekufa.

Ndivyo kifo kinavyosemwa kwao. Kwanza mtu anaumwa, halafu anazidiwa, halafu msemaji ananyamaza, na wewe mwenyewe unamalizia. Atakayekuja mbio akipiga kelele kwamba fulani amekufa, huyo hakulelewa. Maelezo ndiyo hufuata baadaye, na maelezo ya Thaddée yalikuwa mafupi. Wanajeshi walikuwa wamelichukua lori alilokuwa akiliendesha, pamoja na yeye mwenyewe kwenye usukani, ili awapeleke Bukavu. Ijumaa, kwenye miteremko ya Ngomo, mvua ikinyesha, lori likapitiliza kona. Waliokufa wote walizikwa Kamanyola siku ileile, kwa sababu kwa joto lile na vurugu zile hakuna aliyekuwa na muda wa kubeba maiti.

Placide alisubiri uchungu uje. Haukuja. Alijisikia kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini si wako. Alimshukuru Félicien, akamuuliza habari za watoto, akaenda zake nyumbani.

Tabu kubwa ilikuwa Pétronille, mke wa Thaddée, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake na ambaye hakujua lolote. Nani angemwambia? Ungedhani ni Placide, ndugu wa tumbo moja na marehemu. Lakini Placide ndiye hasa aliyekatazwa. Katika ukoo wao mjane hurithiwa na mdogo wa mumewe, na ndiyo maana mdogo mtu ni wa mwisho kufungua mdomo. Akiitangulia habari, watu watasema ameikimbilia, kwamba analia kwa jicho moja na la pili liko kitandani kwa kaka yake. Habari kama hiyo huletwa na mkubwa wa ukoo, mchana kweupe, wanawake wawili wakiwa wamekwisha kukaa kulia na kushoto kwa mjane ili wamshike akianguka. Na mkubwa wa ukoo alikuwa baba mdogo Sévère, mkulima wa Lubarika, mbali huko juu katika bonde la Ruzizi.

Placide akamtafuta mtu wa baiskeli aliyekuwa anarudi Lubarika, akampa ujumbe: "Umwambie baba mdogo, Thaddée iko mugonjwa sana, akuye mbio." Kwa mzee aliyezika wengi kama Sévère, hiyo ilitosha. Angefika Jumatatu jioni, akichelewa sana Jumanne asubuhi. Kazi ya Placide ilikuwa moja tu, kunyamaza siku moja na nusu. Aliona si kazi kubwa.

Jioni ile alikwenda kula kwa shemeji yake, maana kila Jumapili alikula huko na kutokwenda kungekuwa ni kusema. Pétronille aliandaa ugali wa muhogo na ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Thaddée atarudia siku ya ine," alisema, akimaanisha Alhamisi, huku akimnawisha mikono. "Nimemuwekea ndagala ya kukausha, ile mikubwa. Weye usiniguse nayo, shemeki, nakujua."

"Siigusi," alisema Placide. Akala akamaliza sahani, na hilo ndilo linalomtisha mpaka leo, kwamba chakula kilikuwa kitamu.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Cherehani yake ilikaa barazani pa duka la Mgiriki mmoja, aliyemkodisha nafasi. Kabla ya saa sita Mgiriki alitoka ndani akiwa mweupe kuliko alivyoumbwa, akaanza kufunga milango. Redio ilikuwa imesema. Watu wa Katanga wametangaza kwamba Lumumba alitoroka kifungoni na wanakijiji wamemuua. Kijiji gani hawakusema, na kaburi wapi hawakusema. Mgiriki alipakia masanduku mawili garini, akashika njia ya Usumbura, ng'ambo ya mpaka, hata hakumuaga mtu.

Barabara ikajaa. Wanaume walisimama wameshika vichwa, wengine walipiga kuta kwa ngumi. Mwalimu wa shule alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, yeye ambaye alifuta hata kiti cha kanisa kabla ya kukikalia. Watu wa chama cha Lumumba wakaja na jora zima la kitambaa cheusi, wakalitupa juu ya meza ya Placide. Walitaka vitambaa vya kufunga mkononi kwa maombolezo, vya watu wote wa Kasenga, vipatikane jioni ileile.

Placide akakata, akakunja, akashona. Alishona mchana kutwa. Watu walipita wakimwinamia, wakimwambia, "Pole, fundi, pole," na yeye akajibu, "Pole yetu wote." Alikuwa akimpenda Lumumba. Siku ya uhuru alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Sasa alijaribu kumlilia Lumumba akashindwa, akajaribu kumlilia Thaddée akashindwa pia, kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja na hakuna anayepita. Basi akakanyaga cherehani. Jioni alipovaa kitambaa chake hakujua amekivaa kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo mdomo wa Félicien ulipoharibu mambo. Alikuwa ameapa hatamwambia mtu. Alimwambia mke wake tu, Émérance, na Émérance alimwambia dada yake tu, na kufika Jumatatu jioni Kasenga nzima ilijua isipokuwa Pétronille. Na Kasenga nzima iliheshimu desturi. Hakuna aliyefungua mdomo kabla ya mkubwa wa ukoo. Ila mtu aliyefiwa haachwi peke yake, hata kama mwenyewe hajui kama amefiwa. Wanawake wakajifunga vitenge viunoni, wakabeba mikeka na kuni, wakaenda kukaa uani kwa Pétronille. Sababu ilikuwepo tayari, tena nzuri: Thaddée alikuwa na redio ya betri, na Lumumba amekufa. Kifo cha wengi harusi, watu husema, na siku ile harusi iliwafaa kujificha ndani yake.

Placide alipofika akakuta ua umejaa hadi njiani. Pétronille alikuwa akipita katikati ya watu na sufuria ya maji ya kunywa, macho mekundu, karibu anajivuna.

"Muone vile batu banamupenda Lumumba!" alimwambia. "Hata mama Bernardine amekuya, na miguu yake ile! Thaddée angeona hii!"

Wanawake waliokuwa karibu wakainamisha vichwa.

Kisha Pétronille akaweka sufuria chini akaanza kulia. Lazima isemwe kwamba katika mtaa ule hakuna aliyejua kulia kama yeye. Kwenye kilio cha watu wengine alikuwa anaitwa kama mpiga ngoma anavyoitwa kwenye sherehe. Alisimama, akajishika kiuno, akamwita yule mtu aliyelala pasipojulikana. Nani amekufunika macho? Nani amekuosha vumbi? Mbona umeondoka bila kuaga, na chakula kiko motoni? Wanawake waliitikia kwa kilio ambacho Kasenga ilikuwa haijasikia, maana walikuwa wakimlilia Thaddée mbele ya mke wake, na kila neno alilomtupia Lumumba liliangukia nyumba ile ile. Walivyozidi kulia ndivyo na yeye alivyozidi kuwaka. Alilia mpaka majogoo.

Sévère hakufika Jumatatu. Jumanne hakufika vilevile. Vijana walikuwa wameweka magogo barabarani Luvungi na Sange, wakipekua kila mtu, na hakuna gari lililopita.

Jumanne mchana Pétronille alikuwa bado anaongoza kilio, sauti imeanza kukwaruza. Alipopumzika alimfuata Placide nyuma ya jiko.

"Namuwaza ile bibi yake Lumumba," alisema. "Hata maiti habamupatie. Pengine batu yote balijua mbele yake. Miye, ningekuwa yeye, ningepasuka." Akajifuta uso kwa kitenge. "Mungu ananipenda. Ya kwangu ni dereva tu. Dereva, nani anamutafuta?"

Placide alitazama moshi.

"Shemeki," Pétronille akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mama Bernardine amenishika mukono wakati murefu. Ananiambia nijikaze. Nijikaze juu ya nini? Iko kitu ingine munanificha?"

Hapa nitasema wazi, kwa kuwa Placide mwenyewe hajawahi kujitetea. Angeweza kusema. Desturi isingemuua. Wanawake wa kumshika walikuwa uani thelathini, na aliyemuuliza alimuuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini aliwaza watu watasemaje, na zaidi ya hapo alikuwa amechoka, na asiyehisi kitu huona kila kitu kinaweza kungoja.

"Hapana, shemeki," alisema. "Ni hii ya Lumumba tu."

Pétronille alimwangalia kidogo, akamwamini. Akarudi uani. Usiku wa pili aliongoza tena, na wanawake waliomwomba apumzike aliwaambia Kongo imekufa na wao wanataka kulala?

Jumatano, jua likiwa limeshapanda, Sévère aliingia uani kwa miguu, suruali imejaa matope hadi magotini. Alikuwa ametembea kutoka Sange. Kilio kikakatika mara moja. Pétronille alimpokea fimbo, akamletea maji, akamuuliza habari za Lubarika kwa sauti ambayo ilikuwa imekwisha; ilibidi mzee ainamishe sikio. Mzee alikunywa, akarudisha kikombe. Kisha Émérance akaja kukaa kulia kwa Pétronille, na Bernardine akakaa kushoto, kila mmoja akamshika mkono.

Pétronille aliwatazama wote wawili. Alikuwa amekaa mara nyingi mno katika nafasi ile ya Émérance, pembeni ya wajane wengine.

"Mwanangu," alisema Sévère, "Thaddée iko mugonjwa."

Pétronille hakumngoja amalizie.

"Iko mugonjwa sana," alisema yeye mwenyewe, kwa mnong'ono.

Mzee akanyamaza.

Kwao mke ndiye anayeanza kumlilia mume. Hakuna anayemtangulia, hata mama mzazi. Ua mzima uligeuka kumtazama. Pétronille alijishika kiuno, akainua uso, akafungua mdomo, shingo ikamsimama mishipa. Ilitoka pumzi tu, na kikohozi kikavu. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, na Bernardine akaanza kumpapasa mgongo kama anayemsaidia mtoto kutapika.

Ndipo alipomtafuta Placide kwa macho, akampata kando ya mlango na kitambaa chake cheusi mkononi.

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ya Mungu. Toka misa."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonyeshwa njia. Placide alingoja atukanwe. Alitaka kutukanwa, pengine kingeamka kitu ndani yake. Pétronille hakumtukana. Alisema kwa ule mnong'ono, na kwa vile ua ulikuwa kimya, watu wote walimsikia.

"Sauti yote nimeipa mutu sikumuonaka hata siku moya. Ungeniambia, Placide, ningemuwekea Thaddée kidogo."

Akafumba mdomo. Wanawake wakaendelea kumngoja aanze.