Moto Haukai Chini

Mara ya tatu Joviale alishusha mbabula, jiko lake la makaa, ndani ya kishimo, na mara ya tatu makala yakazimika. Akiipandisha mpaka kando ya barabara, yanawaka mekundu. Akiirudisha chini, yanakufa.

— Walikuuzia makala ya maji, alisema mama mkwe wake, Mama Henri, aliyekwisha kujinyoosha juu ya majani karibu na mjukuu wake, mtoto Achille. Kwetu Bukavu hayo tungemurudishia muuzaji kwenye uso.

Tangu asubuhi walikuwa njia ya Sake kwa miguu, kama wote waliokuwa wanaikimbia volkano. Henri, bwana yake Joviale, alibaki Goma, mtaa wa Mapendo, kulinda nyumba. Kishimo kile waliona ni bahati: majani mabichi, hakuna vumbi, upepo haufiki. Wengine walipita bila kushuka. Joviale alidhani ni haraka tu.

Kichwa kilimgonga. Uji wa mtoto ulikuwa bado unga. Akapanda tena barabarani, akatoa simu.

Mtandao wa ujumbe aliouzoea hauna patron mmoja, mwenye kuumiliki wote. Kila mji una mashini yake, na mashini zinapashana habari. Ile ya Goma ilinyamaza pamoja na umeme, lakini yeye jina lake liko kwenye ya Bukavu, na hiyo ilikuwa hai. Akaandika: "Ndugu, niko njia ya Sake. Nikiweka mbabula chini mu kishimo, makala inazimika. Huku juu inawaka. Nifanye nini?"

Majibu yakaja. "Pepea na kitenge." "Uliza bwana yako, yeye ndiye fundi wa kuzimisha moto wako." Joviale akacheka peke yake. Kisha likaja la mtu asiyemjua, Nizeyimana, kutoka mashini ya Rutshuru:

"Mama, nani iko ndani ya hicho kishimo sasa hivi?"

"Mutoto na tate yake. Wamelala."

"Hiyo ni mazuku. Hewa mubaya inatoka mu udongo, inajaa chini kama maji. Inaua mbuzi, inaua watu. Watoe! Usiiname ukipumua."

Joviale akaangalia chini. Katikati ya majani ndege mdogo alikuwa amelala ubavu, na panzi wamemzunguka, hawaruki.

Akavuta pumzi, akaifunga, akashuka. Achille alikuwa mzito kama gunia lililolowa, midomo rangi ya majivu. Akambeba begani, akampandisha, akamlaza penye upepo. Mtoto hakulia.

— Lia, papa mudogo. Lia!

Akampiga mgongoni. Achille akakohoa, akalia.

Pumzi nyingine, akashuka tena. Mama Henri alifungua jicho moja.

— Niache, Mama Achille. Nilale kidogo tu.

Hakumjibu, kujibu ni kupumua. Mkwe hashikwi ovyo, lakini alimshika makwapani, akamburuta mpaka juu, kitenge kikabaki njiani.

— Unanivuta kama mbuzi! Mbele ya watu!

Kisha Mama Henri akatapika, akashika mkono wa mkaza mwana wake asiuachie.

Simu ikawaka. "Wametoka? Nijibu." Batri ilikuwa nyekundu. Joviale hakumwandikia Nizeyimana peke yake, aliwaandikia wote: "Njia ya Sake, kishimo cha majani mabichi kuume. Musishuke. Mazuku. Wetu wametoka." Ikaenda, simu ikazimika.

Mzee mmoja alikuwa anashuka na mikeka, watoto nyuma yake. Joviale akasimama katikati ya kinjia.

— Weye, hiki kishimo umenunua?

— Nimenunua, muzee. Hakuna mutu analala humu.

Wala hakusogea.