Mume Wangu Alipoingia Jikoni

Kampuni ilipompunguzia mume wangu siku za kazi, hakuja nyumbani na uso wa msiba. Alikuja na mpango. Yeye ni fundi wa lifti, na mafundi wa lifti wanaamini kwamba kila kilichoshuka kitapanda, mradi mtu afungue kifuniko na kuchungulia ndani. Aliketi kwenye kochi, akavua viatu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo jiko ni lake na manunuzi ni yake. Mimi niendelee na kazi yangu ya mapokezi kwenye kliniki ya meno; yeye atatuonyesha nyumba inavyoendeshwa kwa akili.

"Kumbe miaka yote hii imekuwa ikiendeshwa kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa mazoea," akanijibu, bila chembe ya woga.

Binti yetu, ambaye yuko sekondari lakini ulimi wake ni wa bibi kizee, akamwita Mchumi. Jina likamganda.

Basi Mchumi akaanza kazi. Sokoni alikwenda jioni, wakati wauzaji wamechoka na mboga zimechoka zaidi. Alirudi na kabichi zilizokata tamaa ya maisha na nyanya za kubebwa kama mayai. Hakuna kilichotupwa. Mabua ya kabichi aliyasaga yakawa supu. Maganda ya viazi aliyakaanga kwa chumvi akayaita vitafunio. Mkate uliokauka kiasi cha kuvunjia dirisha aliuloweka kwenye maziwa, akauchovya kwenye yai, akaukaanga, na huo, nasema kwa shingo upande, tuliugombania. Balaa lilikuwa maganda ya ndizi. Aliyachemsha, akayachana nyuzinyuzi, akayaunga kwa kitunguu na pilipili, akatuletea mezani kwenye sahani ya wageni.

"Nyama," akasema.

Binti akatafuna. Akatafuna tena. "Baba, mnyama huyu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Jumamosi ilikuwa siku ya mitumba. Mume wangu anajua kupatana bei, au tuseme anajua kuigiza: hukunja uso, huweka kitu chini, hupiga hatua mbili za kuondoka, kisha hurudi mwenyewe kabla hajaitwa. Wauzaji walimpenda sana. Aliniletea viatu vyekundu vya ngozi, vizuri kwelikweli. Vilikuwa viwili, hilo sikatai. Vyote vya mguu wa kushoto.

"Ndiyo maana vilikuwa bei poa," akanieleza, kana kwamba nimemtegea kitendawili naye amekitegua.

Alijinunulia koti la suti ambalo mkono mmoja uliishia kifundoni na mwingine uliishia njiani. Alinunua jiko kuukuu la gesi la plati mbili, ilhali jengo zima tunapikia umeme na letu la umeme halikuwa na neno. Nikaliweka barazani, nikalitandika kitambaa, majirani wadhani ni meza. Halafu akamleta Mamba.

Mamba lilikuwa jina alilolitoa binti. Kilikuwa chuma kizito chenye mataya mawili, ndani vyumba vya mraba kama sega la nyuki, na mkia wa waya. Muuzaji mwenyewe hakujua ni cha kazi gani. Kwanza alisema ni cha kukaushia soksi. Alipoona mteja anasita, kikageuka cha kupigia pasi kola. Waya ulikuwa umechubuka, lakini hilo si jambo la kumtisha fundi. Mume wangu akaufunga kwa utepe mweusi, akachomeka, akabana humo wali wa jana uliochanganywa na yai na karoti. Ukatoka mkate wa mirabamiraba, rangi ya asali, nje mkavu na ndani laini. Nilikusudia kuudharau. Nikala mitatu.

Hapo ndipo kichwa chake kilipovimba.

Wifi yangu, yaani mdogo wake wa kike, akapiga simu. Anataka kutuletea mchumba wake, afisa mikopo wa benki, tumwone. "Jumapili tutapita, wifi. Msijisumbue, chakula kidogo tu." Kwa lugha ya wifi, chakula kidogo ni nyama za aina mbili na matunda yaliyokatwa kwa nakshi. Hakuwa na habari kwamba kaka yake amepunguziwa kazi. Mume wangu alinipiga marufuku kumwambia. Wazazi wao walifariki mapema, yeye ndiye aliyemsomesha, na machoni pa dada yake alikuwa bado mtu wa kufungua pochi na kusema chukua.

"Tununue kuku," nikasema.

"Kuku wa nini? Tuna Mamba."

Jumapili wakaja. Wifi alivaa gauni la bluu lililomkaa kama ameshonewa akiwa amesimama, na viatu virefu vilivyomtangulia kubisha hodi. Mchumba alibeba pakiti ya juisi kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga wa watu. Mume wangu aliwapokea akiwa ndani ya lile koti, mkono mfupi ameuficha mgongoni, hivyo akawakaribisha nyumbani kwake mithili ya mhudumu wa hoteli anayengoja bakshishi.

"Kaka umependeza," wifi akasema.

"Kawaida tu," kaka akajibu, na kurudi nyuma kinyumenyume hadi jikoni.

Huko aliwasha kila kitu kwa pamoja. Oveni, viazi ndani. Birika. Plati mbili, moja mchuzi, moja maharage. Nikamwambia, "Baba Nanihii, taratibu." Akanitazama kama ninavyowatazama wagonjwa wanaomfundisha daktari kung'oa jino, akamchomeka na Mamba.

Mlio wake ulikuwa mfupi. Pa! Ukafuatwa na harufu ya plastiki iliyoungua na ukimya mkubwa. Friji yetu ikanyamaza. Redio ya jirani ikanyamaza. Kisha kutoka chini hadi juu ya jengo ikapanda sauti moja ya watu wengi, kama uwanja mzima umeona penalti ikipaa juu ya goli.

Mume wangu akashuka kwenye swichi kuu. Aliporudi alikuwa na masizi kwenye pua.

"Si kwetu tu," akaninong'oneza. "Nimelizima jengo zima."

Tukawapigia watu wa umeme. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, walituwekea muziki wa kusubiri. Nikawaacha wageni na binti, ambaye aliahidi kwa sauti ya kutisha kwamba atawachangamsha, nikamfuata mume wangu chumbani. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono yake miwili isiyolingana imelala mapajani.

"Nilitaka tu aone kwamba tunakula vizuri," akasema.

"Kwa maganda ya ndizi?"

"Leo hayakuwemo."

Nilikuwa na neno jingine ulimini, kali, lililokwisha kunolewa tangu kwenye vile viatu. Nikamtazama yale masizi puani, nikalimeza. Nikamfuta kwa kiganja. Mara mlango ukagongwa.

Alikuwa mkunga mstaafu wa ghorofa ya chini, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa na ambaye bado huongea na kila mtu kana kwamba anamwambia asukume. Mkononi alishika sufuria lenye kuku.

"Nani kazima umeme?"

"Mimi, shikamoo," mume wangu akasema.

"Marahaba. Kuku wangu ameiva upande mmoja. Binti yako amepita milango yote anasema nyinyi mna jiko la gesi."

Tukageuka kumtazama binti. Binti akatazama dari. Hivyo ndivyo alivyowachangamsha wageni: aliwaacha peke yao.

Nikaenda barazani, nikatoa kitambaa kwenye ile "meza" yangu. Mtungi wake wa gesi nao ulikuwa umejaa. Mchumi aliujaza kwa siri, akijua nitauliza wa nini. Kabla kuku wa mkunga hajageuzwa upande wa pili, akaingia dereva wa lori anayekaa mkabala nasi, na sufuria la nyama iliyokuwa bado inavuja damu. Kisha wanandoa wapya wa ghorofa ya pili, na samaki waliokwisha tiwa viungo ila hawajaona moto. Mume wangu akavua koti, akachukua mwiko, akapanga sufuria foleni kama abiria wa lifti: wazito wasubiri, wepesi wapande kwanza. Mchumba wa wifi naye akakunja mikono ya shati akawa anakoroga maharage yetu. Mkunga akamsifu kiuno, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na maharage.

Kila aliyepika kwenye moto wetu aliacha sehemu mezani. Sahani zikaisha, watu wakala kwenye vifuniko. Nikamwona wifi anakula paja la kuku kwa mikono yake miwili, nikaanza kuamini kwamba siku hii tumeiponea.

Mkunga akajipangusa mdomo. "Eti wewe fundi, siku hizi nakuona nyumbani katikati ya wiki. Kazi imekwisha?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Imepungua," mume wangu akasema.

Wifi akaweka paja chini. "Tangu lini?"

"Miezi kadhaa."

"Na hukuniambia?"

"Ungesikitika."

Nikangoja machozi. Wifi akanyoosha mguu mbele, katikati ya sebule. "Kaka, unavijua hivi viatu ni vya nani? Vya mwenzangu ofisini. Anavitaka kesho kabla hajafika bosi. Nimeviazima, maana nimekwama na madeni ya ada ya kozi tangu mwaka jana. Na hili gauni ni mtumba. Sikukwambia. Ungesikitika."

Mchumba akakohoa. "Na ile juisi," akasema polepole, "muda wake unaisha kesho. Ilikuwa nusu bei."

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka, akatuambukiza wote. Mume wangu hakucheka. Alikuwa amesogea, anakagua pindo la gauni la dada yake kwa vidole, kitaalamu.

"Umelipata wapi?"

"Siri yangu. Na lile koti, wamekuuzia bei gani?"

Akamnong'oneza sikioni. Wifi akapiga ukelele uliowatoa watu wa ghorofa ya nne.

"Umeibiwa, kaka! Pesa yote hiyo kwa mkono mmoja na nusu?"

Fundi wa umeme alikuja kesho yake mchana. Akafungua boksi, akatikisa kichwa, akasema nyaya za jengo zimeoza muda mrefu na zingeungua kwa birika la mtu yeyote. Mume wangu akamsindikiza ghorofa hadi ghorofa, akimwomba arudie maneno hayo kwenye kila mlango. Mamba nilimzika mwenyewe kwenye pipa la taka. Jioni nilimkuta mezani, tumbo wazi, anafanyiwa upasuaji.

Sasa kila Jumamosi kaka na dada huenda mitumbani pamoja. Wifi ni hatari: hakunji uso wala haondoki, husimama tu, anapumua, mpaka muuzaji mwenyewe anashusha bei ili apate nafasi. Nilidhani atampunguza mume wangu wazimu. Amemwongezea usafiri, maana mchumba ana gari. Wiki iliyopita walipanda ngazi na meza ya watu wanane isiyopita mlangoni.

Ilikuwa ni ya harusi, wakaniambia, maana wifi ameamua karamu isikodiwe wapishi. Kaka yake ndiye atakayepika. Nikamvuta mchumba pembeni, barazani, nikamwambia kwa upole kwamba bado ana muda wa kukimbia.

Akacheka sana, akanigonga begani. Alidhani natania.