Malalamiko Sifuri

Bosi mpya wa mamlaka ya maji aliingia na maneno mengi kuliko maji yaliyokuwa kwenye mabomba. Siku ya kwanza tu alibandika mabango ukuta mzima: Sisi ni Familia, Dira Moja Lengo Moja. Wafanyakazi wakampachika jina la Bwana Dira, naye, masikini, akadhani anasifiwa.

Msimamizi wa dawati la malalamiko, mama asiyemung'unya maneno, aliitwa ofisini.

"Dada, robo hii nataka malalamiko yashuke."

"Mabomba yakitengenezwa yatashuka, bosi."

"Hayo ni mawazo ya zamani. Mimi nazungumzia utamaduni wa kazi."

"Kwani utamaduni ndio unaovuja?"

Bwana Dira akacheka kwa pua, kisha akamwaga mkakati wake. Dawati likahamishwa kutoka mlangoni hadi ghorofa ya juu kabisa, na lifti yenyewe ilikufa zamani. Simu ikawekewa sauti tamu ya kumshukuru mpigaji, kisha muziki, kisha kimya. Kweli, malalamiko yakashuka. Wazee walikwama katikati ya ngazi, wakakaa kuvuta pumzi, wakarudi walikotoka. Msimamizi aliwaona kutoka dirishani wakiondoka, akakasirika. Watu wazima, wasomi na tai shingoni, wanapigiana makofi kwa kuziba masikio!

Robo ilipoisha ikafanyika sherehe hukohuko juu. Keki iliandikwa Malalamiko Sifuri. Mkuu wa utumishi alitokwa na machozi, tena ya kweli. Bwana Dira alikuwa ameshika kisu mlango uliposukumwa, akaingia bibi mmoja anahema, jasho linamtiririka, mkononi kashika chupa ya maji yenye rangi ya kutu.

"Mama!" Bwana Dira akaruka. Alikuwa mama mkwe wake.

"Nimekupigia simu mpaka muziki wenu nimeukariri," bibi alisema. "Ndiyo tunayokunywa haya, baba. Mtaa mzima matumbo yanatusokota."

"Mama, hayo tutayaongea nyumbani."

"Nyumbani huongei. Unahubiri."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Bwana Dira akamnong'oneza msimamizi: "Andika ni maoni. Maoni ya mdau."

Msimamizi akamvutia bibi kiti. "Hapana, bosi. Hili ni lalamiko." Kisha, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Mama, shida imeanza lini?"

Hakuna aliyegusa keki. Mchana uleule mafundi walitumwa mtaani kwa bibi, wakang'oa bomba lililooza, na majirani wote wakapata maji ya kunyweka. Kumbe iliwezekana siku zote.

Tathmini ya utendaji ilipotoka, msimamizi alipewa alama ya mwisho kwa kutoishi maadili ya familia. Bwana Dira alipandishwa cheo, akapelekwa makao makuu kuwafundisha wakuu wenzake siri ya mafanikio.

"Imekuuma?" mume wa msimamizi alimuuliza mezani.

"Ingeniuma kama wangenisifu wale," alijibu. "Ungejiuliza nimefanya uchafu gani."

Mumewe akacheka mpaka akapaliwa. Yeye hakucheka. Alikuwa na hasira bado, na kesho yake alikwenda kazini nayo hivyohivyo.