Kumi na Mmoja kwa Mujibu wa Kadi

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni Mama Dawa alifunga duka lake la dawa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko ili kuondoa harufu ya dawa ya kikohozi, akavuka barabara na kuingia baa ya ng'ambo. Meza ya dirishani ilikuwa imeshawekwa penseli mbili, karatasi ya majibu na soda nne. Kinyozi alikuwa amefika. Mwalimu wa hesabu alikuwa amefika. Mdogo wake Mama Dawa, aliyekufa mwaka juzi katika moto wa kiwanda cha unga, naye alikuwa amefika, ila kama kawaida yake alikuwa anazunguka kiti, hajui akae au aondoke.

"Kaa basi, unatupa kizunguzungu," Kinyozi akamwambia.

Akakaa. Papo hapo mguu wake ukaanza kuchezacheza chini ya meza na chupa zikagongana.

Alianza kuja Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi yake. Aliingia na unga kwenye kope, akakohoa, watu wakamsogezea kiti. Mtu wa meza ya pili, ambaye hakuwa na ubaya na mtu isipokuwa alipenda sana kushinda, aliuliza jambo moja tu: kanuni ya chemshabongo inataka timu ya watu wanne, je, marehemu anahesabiwa? Karani, yule mstaafu aliyekuwa akisoma maswali, akavaa miwani, akafungua gazeti lenye ripoti ya moto na kupitisha kidole kwenye majina. Waliokufa walikuwa kumi na mmoja. Jina la huyu halikuwamo.

"Hayumo," Karani akasema. "Basi ni mtu wa nne."

Ubishi ukaishia hapo, wakaendelea na swali la mji mkuu wa Australia.

Hakuwamo kwa sababu alikuwa kibarua. Asubuhi ile foleni ya vibarua ilikuwa ndefu, ukurasa wa kitabu cha getini ukajaa kabla foleni haijaisha, na mlinzi akawaambia waliobaki wapite tu. Mama Dawa alishakwenda kiwandani mara sita na ofisi ya mji mara tisa. Hakufukuzwa hata siku moja. Walimkaribisha kiti, wakamsikiliza, wakampa pole, kisha wakamwambia ripoti imefungwa na bila maandishi hawawezi kuifungua. Alete maandishi yoyote yanayosema kumi na wawili. Alipowauliza kama kaburi si maandishi, walikubali kwamba ni swali zuri.

Nyumbani hakukuwa na raha. Marehemu hakulala, na kwa vile hakulala, dada yake naye hakulala. Alifungua mabomba na kuyafunga. Alihamisha kabati la vyombo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha akalirudisha. Mama Dawa akafika mahali pa kuhesabu vidonge vya wateja mara tatu tatu, kwa kuogopa kuua mtu. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa amemchoka, na mambo hayo mawili yalimuuma kwa pamoja.

"Si kwamba napenda, dada," alimwambia siku moja akiwa ameshika mlango, anaufungua na kuufunga. "Kila nikijilaza nasikia kama kuna mtu anataja majina, nami nasubiri langu."

Dawa pekee iliyobaki ilikuwa sanduku la Karani. Lilikuwa sanduku la viatu lililojaa kadi, kila kadi swali mbele na jibu nyuma, na sheria yake ilijulikana mji mzima: jibu la kadi ndilo jibu. Walimu walituma wanafunzi kuja kuuliza. Ofisi ya mji yenyewe, wakibishana daraja lilijengwa mwaka gani, walimpigia Karani simu. Na timu iliyoshinda fainali ya mwaka ilipewa kadi moja tupu, ikaandika swali lake na jibu lake, na kadi hiyo ikaingia sandukuni moja kwa moja. Mama Dawa alimuuliza mwandishi wa ofisi kama kadi ya Karani ni maandishi. Mwandishi alifikiri kidogo, akasema hahitaji maandishi mazito kuliko hayo.

Kwa hiyo mwaka mzima walicheza kama watu wanaodaiwa roho. Mwalimu alikariri mito na milima. Kinyozi aliwahoji wateja wake huku wembe ukiwa shingoni, nao wakamjibu vizuri. Marehemu, ambaye maisha yake yote alisoma kila gazeti lililofungiwa vitumbua au misumari, hakukosea hata mji mkuu mmoja. Jioni ya fainali, likiwa limebaki swali moja, meza ya dirishani na meza ya pili walikuwa sawasawa.

Karani akatia mkono sandukuni, akatoa kadi, akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea swali la mioyo ya pweza.

"Katika moto wa kiwanda cha unga walikufa watu wangapi?"

Watu wakaweka glasi chini, kwa adabu. Kisha meza ya pili wakainama na kuandika.

Mama Dawa ndiye aliyekuwa nahodha, na penseli ilikuwa mkononi mwake. Haikwenda popote. Mwalimu alimnong'oneza kwamba dakika ni moja. Kinyozi akaangalia nje.

"Andika kumi na mmoja, dada," mdogo wake akasema.

"Siandiki."

"Ukiandika kumi na wawili tumekosa, na tukikosa kadi hatupewi."

"Mimi niliyekutambua kwa viatu, leo niandike kwamba hukufa?"

"Andika tu. Ukishapewa kadi utaandika kweli." Mguu wake ulikuwa unatikisa meza nzima. "Nimechoka, dada. Nataka kulala."

Akaandika. Akaandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno kama karatasi ilivyotaka, kisha akatia sahihi. Mwandiko ulitoka safi na hilo lilimuudhi. Meza ya pili, kwa kiherehere cha kushinda, walikuwa wameandika idadi ya magunia yaliyoungua, ambayo ndiyo waliyoikumbuka kutoka gazetini. Karani akatangaza washindi. Watu wakapiga makofi, marehemu akapigwapigwa mgongoni, na vumbi la unga likatoka kwenye shati lake na kutua juu ya meza.

Kadi tupu ikaletwa kwenye kisahani. Mama Dawa akaandika swali lilelile neno kwa neno, akaigeuza, na nyuma akaandika: Kumi na wawili. Chini yake akaongeza jina la mdogo wake, lote, la kwake na la baba yao.

Karani akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa na kuisoma tena. Alikuwa mtu mwema na ilionekana kwamba jambo hili linampa taabu. Akafungua mfuniko wa sanduku, na ndani ya mfuniko kulikuwa na kanuni zilizoandikwa kwa mkono, ambazo tangu baa ifunguliwe hakuna mtu aliyewahi kuomba kuzisoma.

"Kadi mpya haiwezi kupinga kadi iliyokwisha kujibiwa," akasema. "Hii ya moto ilikuwa haijajibiwa na mtu. Nahodha angeandika idadi nyingine leo, ningetakiwa kuandika pembeni kwamba jibu lina ubishi, na penye ubishi napeleka ofisini wakachunguze upya. Lakini mmelikubali, Mama Dawa. Na sahihi ni yako."

Mama Dawa akaomba aione karatasi yake. Akaonyeshwa. Ilikuwa sahihi yake, na kumi na mmoja yake, kwa mwandiko safi wa mtu aliyezoea kuandika dozi. Akaona aibu. Angependa kumlaumu Karani, lakini Karani alikuwa anamsogezea kadi nyingine tupu, maana kanuni ilitaka washindi waandike kitu. Mwishowe marehemu aliichukua akaandika kuhusu urefu wa shingo ya twiga, kwa sababu watu walikuwa wanasubiri.

Tangu jioni hiyo alizidi kuwa mzito. Ngazi zilianza kulia alipozikanyaga. Ndevu zikamwota, Kinyozi akamnyoa bure. Alianza kula, akala kwa watu wawili, na kikohozi kikapungua. Usingizi tu ndio haukuja. Mwandishi wa ofisi alipata nakala ya karatasi ya majibu, akaiweka kwenye faili la moto, na juu ya faili akaandika kwamba jamaa wa karibu amethibitisha idadi. Kisha akamtumia Mama Dawa barua ya kumshukuru.

Wiki ya tatu kiwanda cha unga kilifunguliwa upya na kutangaza kazi za vibarua. Mdogo wake alisema afadhali akabebe magunia kuliko kuhamisha kabati. Mama Dawa alibishana naye toka chai hadi mlangoni, akashindwa, akafunga duka na kumsindikiza. Getini mlinzi mpya alimuuliza kama ana uzoefu wa kazi ya kiwandani. Akasema anao. Mlinzi akamwambia apite, akapita bila kugeuka nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Mama Dawa hakuondoka. Alisimama kando ya ukuta, mkoba kifuani, akawahesabu vibarua mmoja mmoja mpaka foleni ilipokwisha na geti likafungwa. Kisha akamsogelea mlinzi na kumuuliza asubuhi hii wameingia wangapi.

Mlinzi akafungua kitabu, akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu.

"Ishirini na mmoja."

"Mimi nimehesabu ishirini na wanne."

Mlinzi akahesabu tena, taratibu, kwa heshima, na kitabu akamgeuzia ili aone mwenyewe.

"Ni ishirini na mmoja, mama," akasema. "Ukurasa umejaa."