Siku Tatu Juani

Ofisi yetu ya uchapishaji pale chuo kikuu ina meza tatu, na kila meza ina vitabu vyake. Ya dirishani ni ya watu wanaosimulia maisha yao. Ya katikati ni ya riwaya, na anayeikalia ni bwana mmoja mwenye mzaha usiokwisha, tunamwita Chumvi. Ya mlangoni ni yangu: vitabu vya utamaduni, jinsi watu wanavyojenga, wanavyosuka, wanavyofinyanga. Kwa kuwa niko mlangoni, kila mgeni huniuliza mimi choo kiko wapi. Nimezoea, lakini sijapenda.

Asubuhi moja aliingia bibi kizee na mjukuu wake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Bibi akamwambia mjukuu asubiri kwenye benchi la nje, akafunga mlango, kisha akaniwekea mezani kitabu chetu cha ufinyanzi. Kilikuwa kimechakaa, kurasa zote zina alama za vidole vya udongo.

Nilifurahi, niseme kweli. Kile ndicho kitabu nilichokihariri mwanzo kabisa, miaka kumi na tisa iliyopita, na nilikuwa najitapa kwamba hakina kosa hata moja. Mtafiti aliyekiandika ameshatangulia mbele ya haki. Mfinyanzi aliyehojiwa ndiye huyu bibi.

"Nisomee pale pa kukausha," alisema. Macho yake hayakuwa ya kusoma tena.

"Chungu kikaushwe juani siku tatu."

"Uongo huo."

Nikaanza kumtetea marehemu. Bibi akainua mkono, vidole vimepinda kwa maradhi ya viungo. "Marehemu hahitaji kutetewa, mwanangu. Aliandika nilichomwambia. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Chumvi akaacha kazi, akageuza kiti. Mimi hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza kwa nini, kwa adabu kidogo iliyobaki.

"Mama yangu alinifundisha miaka tisa. Yule bwana alikuja na daftari, anataka yote kabla ya chakula cha mchana. Nikampa yote, nikabana moja. Chungu kinakauka kivulini, siku kumi na mbili, pengine zaidi. Unakiweka shavuni; kikiwa cha baridi, bado kina maji ndani, na moto utakipasua."

"Njia ya mwongo ni fupi," Chumvi akadakia.

"Yangu ina miaka kumi na tisa, baba, na bado naitembea."

Chumvi akageuza kiti chake, akarudi kwenye riwaya yake.

Basi bibi akaeleza kilichomleta. Mjukuu wake aliacha ukarani, akahamia kwake ili ajifunze ufinyanzi. Mikono ya bibi ilikuwa imeshakataa kazi, kwa hiyo mjukuu akajifunza kwa kitabu. Mwaka mzima amechoma vyungu, na mwaka mzima vimepasuka. Jumatatu anarudi ukarani. Anasema hana mkono wa udongo.

"Si umwambie ukweli?" nikamuuliza.

"Nimemwambia mara mbili. Akanishika bega, akasema, 'Bibi, pumzika, najua unataka kunifariji tu.' Anasema mimi nimezeeka, nasahau. Kitabu hakisahau."

Hapo hasira ziliniishia, ikaja aibu. Kwenye kitabu kile nilikagua kila nukta na kila mkato, lakini chungu sikugusa. Hata kumuuliza mfinyanzi mwingine sikuuliza.

Tuna karatasi za masahihisho, hubandikwa ndani ya jalada. Nikaandika, nikamsomea: "Katika ukurasa wa themanini na nne kulitokea kosa."

"Halikutokea," akasema. "Nililifanya."

"Ndivyo tunavyoandika, bibi. Inakusitiri na wewe."

"Nani kakuomba unisitiri? Mjukuu wangu akisoma kwamba lilitokea, atasema ofisi imeteleza kidogo, na vyungu kavipasua yeye mwenyewe. Andika nilidanganya."

"Jina lako limo humu. Kila mfinyanzi atalisoma."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Andika."

Nikaandika kwa kauli yake: nilidanganya kwa makusudi, kwa kuwa sikutaka mgeni aondoke na kazi ya mama yangu. Ukweli ni huu: chungu kikaushwe kivulini, siku kumi na mbili au zaidi. Nikaongeza na la kwangu chini, kwamba ofisi ilichapa bila kuhakikisha. Hilo hakuniomba mtu. Mkuu wetu, aliye chumba cha pili, aliisoma karatasi, akajikuna kichwa, akatia saini na kugonga muhuri. Bibi akatia alama ya dole gumba.

Akamwita mjukuu wake.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena, polepole, kidole chini ya kila mstari. Akautazama muhuri. Akanitazama mimi, kana kwamba huenda na mimi ni wa kumfariji. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Vyote vile?" akauliza.

"Vyote," bibi akajibu. "Hukuvipasua wewe."

Nilitegemea atalia, au atagomba, na angekuwa na haki. Alivuta kiti changu bila kuomba ruhusa, akakaa, na karatasi mapajani.

"Jumatatu siendi popote," alisema.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumwangalia, "Mwaka mzima nimekuwa naona haya kukutazama usoni, bibi."

"Hata mimi," bibi akasema.