Tundu la Mgongoni

Tumbo la ndege ndogo halina nafasi ya mtu kusimama. Anayepanga mizigo mle huingia kwa magoti, hufanya kazi kwa magoti, na akitoka huteremka ngazi kwa kujishikilia kiuno. Ndiyo maana wenzake walimwita Kobe. Shemeji yake aliyepakia naye aliitwa Bawabu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mlangoni: mzigo ukipanda kwenye mkanda, yeye huudaka na kuurusha ndani, na Kobe huupanga.

Kurusha kulikatazwa. Bango lilibandikwa chumba cha kubadilishia nguo, lenye picha ya mtu anayetabasamu huku amekumbatia sanduku kama mchumba. Lakini ndege ikichelewa kuondoka, lawama ilimshukia mpakizi, haikulishukia bango. Kwa hiyo walirusha, na msimamizi alipowaona wakirusha aliangalia upande mwingine.

Mchana ule jua lilikuwa limeipika ndege tangu asubuhi. Jasho la Kobe lilidondoka juu ya mabegi ya watu.

"Shemeji, polepole," alisema kutoka ndani. "Hilo limenipata mbavuni."

"Mbavu zipi? Dada yangu anasema nyumbani unajinyoosha tu kama mkeka."

"Dada yako ndiye mzigo mzito kuliko yote niliyopewa, na sijawahi kumrusha."

Bawabu alicheka. Yeye ndiye aliyewakutanisha wale wawili, na yeye ndiye aliyemwombea Kobe kazi pale. Katika yote aliyowahi kufanya, hayo mawili aliyahesabu kuwa mema.

Redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa msimamizi. "Linakuja begi la mheshimiwa. Lipandisheni, msilichezee, msiulize."

"Halina karatasi?" aliuliza Bawabu.

"Nimesema msiulize."

Mzigo wa silaha waliujua unavyokuja. Mwenyewe huifungua bunduki kaunta mbele ya askari, akaonyesha kwamba ndani hamna kitu. Risasi hukaa mbali, kwenye boksi lake. Bunduki hufungiwa katika kasha gumu lenye kufuli, hubandikwa karatasi nyekundu, na mpakizi huibeba mkononi kama mtoto mchanga, mwisho wa mizigo yote. Hili lilikuwa begi refu la turubai lenye zipu, halina kufuli wala karatasi.

"Fimbo za gofu," alisema Kobe, akalilaza juu ya masanduku. Kisha akageuka ili auvute wavu wa kuzuia mizigo. Bawabu akarusha sanduku lililofuata, kama alivyorusha mengine yote. Likagonga rundo. Begi refu likateleza, likaanguka kwa kitako.

Mle ndani mlio ulikuwa kama bati lililobamizwa kichwani. Moshi mwembamba ulitoka kwenye turubai. Kobe alibaki kwa magoti, mikono miwili kwenye wavu, mgongo wake kwa mlango.

"Shemeji," alisema, "umenipiga na nini?"

Hakusema tena.

Begi ndilo lililotoka kwanza. Kabla daktari hajafika, watu wawili wenye suti walipanda ngazi, wakamruka Kobe, wakalichukua na kuliingiza kwenye gari lenye vioo vyeusi. Abiria waliteremshwa, wakaambiwa ni hitilafu ya kiufundi. Mheshimiwa alipandishwa ndege nyingine, akaenda kuwinda.

Mochwari, Bawabu alikabidhiwa nguo za shemeji yake ndani ya mfuko wa plastiki: suruali, viatu vya kazi na kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha kung'aa. Risasi ilikuwa imeingilia mgongoni, chini ya bega, na haikutokea mbele. Kizibao kilikuwa na tundu moja, nyuma, dogo kiasi cha ncha ya kidole.

Mhudumu wa mochwari alichungulia mlangoni kwanza, kisha akasogea.

"Daktari amesema kifuani," alisema kwa sauti ya chini. "Nami nimemgeuza kwa mikono yangu hii. Kesho mnazika, na ardhi haitoi ushahidi. Hiyo nguo itunzeni."

Kwa nini daktari aseme kifuani, Bawabu alikuja kuelewa baada ya mazishi, alipoitwa ofisini kwa meneja.

Ofisi ilikuwa na ubaridi wa mashine. Meneja alikaa nyuma ya meza. Inspekta wa polisi alikaa kwenye kochi, kofia juu ya goti. Bawabu hakuonyeshwa kiti.

"Pole sana kwa msiba," alisema meneja. "Kobe alikuwa mtu wetu. Sasa tusaidie jambo dogo. Inspekta amelikagua begi. Amekuta bunduki tupu na risasi ndani ya boksi lake. Moja imepungua."

"Boksi sikuliona," alisema Bawabu.

"Hukuliona kwa sababu hukufungua. Yeye alifungua," alisema inspekta. "Alitafuta cha kuiba, akakuta bunduki, akatia risasi, akaichezea. Ikamlipukia kifuani."

"Alikuwa ameshika wavu, mzee. Alinipa mgongo."

"Mwizi gani anakupa uso?"

"Alipigwa mgongoni."

Inspekta alimwangalia meneja. Meneja aliisogeza kalamu yake kutoka kulia kwenda kushoto.

"Sawa," alisema. "Tuseme ni mgongoni. Tuseme bunduki ilikuja na risasi ndani, ingawa mheshimiwa mwenyewe anasema haikuwa nayo. Imelala juu ya masanduku, imetulia, haijamkosea mtu. Nani aliiangusha?"

Bawabu aliitazama kofia iliyokuwa juu ya goti la inspekta.

"Nani alirusha sanduku, bwana?"

"Wote tunarusha. Mnatuona."

"Mimi sijawahi kumwona mtu anarusha. Bango lipo." Meneja aliegemea kiti. "Ikiwa Kobe hakuiba, basi ameuawa. Ikiwa ameuawa, inspekta hapa anatafuta muuaji, na ndani ya ndege mlikuwa wawili. Dada yako ana watoto wangapi?"

"Watatu."

"Baba yao amekufa. Mjomba wao akiingia jela, watakula kwa nani?"

"Na fidia ya marehemu?"

"Mwizi hana fidia," alisema meneja. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda chooni. "Lakini wewe kazi unayo. Pima."

Bawabu aliomba muda. Alipotoka alipitia kaunta za abiria. Binti aliyepokea mizigo siku ile alimwona kwa mbali, akajishughulisha na mashine yake.

"Dada, nina swali moja tu. Alilifungua lile begi hapa?"

"Kaka, nina mtoto anaumwa."

"Sitakutaja popote."

Binti alimtabasamia abiria, akasema bila kugeuza uso: "Nilimuuliza kama bunduki ina risasi. Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Askari alikuwa amesimama papo hapo, akaniambia weka begi kwenye mkanda, mkubwa hafunguliwi. Sasa nenda. Ukirudi kuniuliza nitasema sijawahi kukuona."

Bawabu alirudi ofisini siku ileile. Alisema Kobe alifungua zipu. Alilisema neno hilo moja, na walipomtaka aongeze alitikisa kichwa. Inspekta akamwambia hilo linatosha, wala hana haja ya kujichosha. Meneja alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika bega.

"Jambo la mwisho," alisema. "Sare ni mali ya kampuni. Utuletee ya marehemu, tuna mtu mpya anaanza Jumatatu."

Habari ya wizi ilifika nyumbani kabla yake. Majirani waliokuwa wameketi mikekani tangu mazishi walikumbuka shughuli zao. Mama mmoja alirudi kuchukua sufuria aliyoazima kwa ajili ya msiba, akaichukua bila kuaga.

Dada yake alikaa kizingitini, kizibao mapajani. Alikuwa amekifua mpaka doa limefifia, likabaki kivuli kama cha chai iliyomwagika.

Bawabu alibaki amesimama.

"Nasikia wanataka sare," alisema dada. "Watoto walikuambia nimeifua?"

"Hawajaniambia."

"Nimeifua. Lakini ina tundu. Wakiliona watasema tumeharibu mali yao, na sasa hivi hawakosi la kusema." Alinyoosha sindano na uzi. "Nitungie, kaka. Macho yangu hayashiki kitu."

Akaipokea. Tundu lilikuwa palepale, mgongoni, pande zake zimekazana kwa maji na sabuni. Daktari alikuwa amesema kifuani. Binti wa kaunta hakuwahi kumwona. Kobe alikuwa chini ya ardhi, amelala chali. Duniani kote kilichobaki cha kusema kwamba mtu yule alikuwa amegeuka, mikono yake kwenye kazi yake, kilikuwa kipande hiki cha nguo.

"Unaweza kuwaambia kimepotea," alisema Bawabu.

"Wakipekua? Wakisema hata sare kaiba?"

"Dada, kuna jambo..."

"Sikuulizi," alisema dada yake, haraka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Wewe ulikuwemo mle ndani, nami sikuulizi. Nikikuuliza utanijibu. Nikishajua nitakwenda wapi nalo? Nani atanifungulia mlango? Wewe bado unakwenda kazini?"

"Jumatatu."

"Basi." Alivuta kamasi. "Basi, watoto watakula. Tunga uzi."

Mtoto wa mwisho alitoka ndani, akajilaza ubavuni mwa mama yake, akaanza kuchezea ukanda wa kung'aa wa kizibao, akiugeuza huku na huku ushike mwanga.

Bawabu alilamba ncha ya uzi. Uzi ukakosa tundu la sindano, ukakosa tena, kisha ukapita. Akampa dada yake. Yeye akaukunja mshono kwa ndani, kama alivyofundishwa na mama yao, akashona polepole, pindo dogo baada ya pindo dogo, mpaka midomo miwili ya nguo ikakutana. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Halafu akakinyoosha kizibao juu ya goti, akakipiga pasi kwa kiganja.

"Panaonekana?" aliuliza.

Bawabu aliinama, akapapasa kwa kidole.

"Hapaonekani," alisema.